Wahamiaji kanisani: mzee ana Warumi 13, lakini ujira wa jamaa wa saiti je?

Marahaba dada yangu, na asante kwa kuandika bila kuzunguka. Nalifupisha swali lako ili na wengine waelewe tunajibu nini. Kanisani kwenu wameingia wahamiaji, familia kadhaa, na baadhi hawana vibali. Kwenye grupu la WhatsApp mzee mmoja wa kanisa kaandika "Warumi 13, sheria ni sheria, mjadala umefungwa", yaani ile sura ya kutii mamlaka, kijana mmoja akamjibu kwamba anayemkataa mhamiaji kamkataa Yesu mwenyewe, basi grupu likawaka. Wewe uko katikati, unawaonea huruma lakini pia unaogopa, ajira zimekuwa ngumu na madarasa ya watoto yamejaa, na unauliza kama kutaka serikali idhibiti mipaka ni dhambi. Halafu mwishoni kabisa, kama vile ni jambo dogo tu, ukagusia kwamba huyo huyo mzee wa Warumi 13 amemchukua mmoja wa hao jamaa anamfanyisha kazi saiti, anamlipa nusu ya wanacholipwa wenzake na kuna wiki hamlipi kabisa. Na kwamba kanisa linagawa nguo kila mwisho wa mwezi, je haitoshi?

Mimi naanza na hiyo ya mwishoni, maana swali lenyewe liko hapo, hayo mengine yanafuata.

Watu wengi wakisikia Biblia na wahamiaji wanafikiria hisia, yaani kuwa na moyo laini, kutabasamu mlangoni, kutoa nguo ambazo hazikutoshi tena. Sasa fungua Kumbukumbu la Torati 24:14-15 uone ilivyo kavu. Inasema usimwonee kibarua aliye maskini na mhitaji, awe ni ndugu yako au mgeni aliye katika nchi yako, mpe ujira wake siku ile ile, jua lisichwe kabla hajalipwa, kwa sababu ni maskini na moyo wake unautegemea huo ujira, asije akamlilia BWANA juu yako ikawa ni dhambi kwako. Hapo hakuna habari ya kujisikia vizuri, kuna jua linazama na mtu hajalipwa. Na hakuna mstari unaomwambia mwenye shamba amuulize kwanza alipitia njia gani kuingia. Yakobo miaka mingi baadaye anaichukua hoja hiyo hiyo, 5:4, ujira uliozuiliwa kwa hila unapiga kelele, na kelele zenyewe zimeshafika masikioni mwa Bwana wa majeshi.

Na siyo ujira tu. Amri ya Sabato kwenye Kutoka 20:10 inamtaja mgeni aliye ndani ya malango yako, naye apumzike. Walawi 24:22 inasema sheria iwe moja kwa mgeni na mzalia. Kumbukumbu 14:28-29 ile zaka ya mwaka wa tatu inawekwa ndani ya malango kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane, wale washibe. Kumbukumbu 27:19 inalaani anayepotosha hukumu ya mgeni, yatima na mjane, na watu wote wanaitikia Amina. Ukiziweka pamoja unaona Torati haikumwachia mgeni aishi kwa kutegemea roho nzuri ya mtu, ilimpa vitu anavyoweza kuvidai. Ndiyo maana nguo za mwisho wa mwezi ni jambo jema, endeleeni kugawa, ila hazifuti deni la mshahara. Ukimnyima mtu laki halafu ukampa shati, hujatoa sadaka hapo, umerudisha kipande kidogo sana cha alichokuwa anakudai.

Angalia Ruthu sura ya 2 kwa karibu, siyo ile ya mahubiri ya harusi. Huyu binti ni Mmoabi, na Kumbukumbu 23:3 ilikuwa inakataza Mmoabi kuingia katika mkutano wa BWANA hata kizazi cha kumi, kwa hiyo kwa karatasi, tuseme hivyo, hali yake ilikuwa mbaya. Anaingia shambani kuokota masazo, haki ambayo Walawi 19:9-10 ilishampa maskini na mgeni, yaani pembe za shamba usizivune zote. Boazi, mwenye shamba, anafanya nini? Anamwambia usiende shamba lingine, kaa karibu na wasichana wangu. Anawaagiza vijana wake wasimguse. Hapo tusimame kidogo, maana mtu anayeandika habari ya mwanamke mgeni, mjane, hana ndugu wa kiume, anajua kabisa ni hatari gani inayomkuta huko shambani, na Naomi mkwewe naye jioni anarudia onyo hilo hilo. Boazi anamwambia ukiona kiu kanywe kwenye vyombo wanavyoteka vijana. Wakati wa chakula anamketisha na wavunaji, siyo pembeni, anakula anashiba anasaza. Halafu kwa siri anawaambia vijana wachomoe masuke kwenye matita waangushe kwa makusudi aokote. Jioni anapura anapata kama efa moja (kipimo cha nafaka cha zamani) ya shayiri. Angalia kilichofanyika: kazi, usalama, maji, mahali pa kukaa mezani, na kipato, na heshima yake haikuguswa kwa sababu hakuna aliyemsimamisha mbele za watu ashukuru. Jina lake liko Mathayo 1:5 kwenye ukoo wa Yesu. Sasa mlinganishe Boazi na huyo mzee wenu wa saiti, mimi sisemi zaidi hapo.

Turudi kwa Warumi 13. Kwanza nasema wazi, mzee hajakosea kuutaja. Mamlaka imewekwa, na Mkristo hana ruhusa ya kuchagua sheria anazozipenda tu. Lakini barua haikuandikwa na sura, namba zimekuja karne nyingi baadaye, na ukirudi nyuma mistari michache tu, Warumi 12:13, Paulo ameshawaambia wajitahidi kukaribisha wageni. Ukienda mbele kidogo, 13:8-10, anasema msiwiwe na mtu chochote isipokuwa kupendana, na pendo halimfanyii jirani neno baya. Kwa hiyo hata sura hiyo ya 13 ukiisoma yote inamshika mwenye saiti, kwanza anawiwa, pili sheria za kazi nazo ni sheria za mamlaka hiyo hiyo anayotaka itiiwe na wengine.

Kuna kitu kingine watu hawakioni kwenye barua hiyo. Inaandikwa kama mwaka 57 hivi kwenda Roma. Miaka michache kabla, kama mwaka 49, Kaisari Klaudio alikuwa amewafukuza Wayahudi Roma, Matendo 18:2 inasema Akila na Prisila walifika Korintho kwa sababu hiyo hiyo. Klaudio anakufa mwaka 54, watu wanaanza kurudi, na Paulo akifika sura ya 16 anawasalimu Prisila na Akila, wako Roma tena, na kanisa linakutana nyumbani kwao. Yaani Warumi 13 iliandikwa kwa kanisa ambalo ndani yake kuna watu waliowahi kufukuzwa kwa amri ya serikali. Sura ya 14 na mwanzo wa 15 zinawaomba walio dhaifu na wenye nguvu katika imani wapokeane, na wasomi wengi wanaona hapo waliobaki na waliorudi. Kutumia barua hiyo kumfungia mtu mlango, kwa kweli inahitaji ujasiri.

Kijana naye nimkate kidogo asije akavimba. Ametumia Mathayo 25:35, "nalikuwa mgeni, mkanikaribisha". Mstari mzito, naupenda, ila wasomi wengi makini wanasema "hawa ndugu zangu walio wadogo" wa mstari wa 40 ni wanafunzi wa Yesu, kwa sababu Mathayo ndivyo anavyotumia "ndugu" na "wadogo" sehemu nyingine. Wengine wanasema ni kila mhitaji. Hoja ipo wazi, kwa hiyo usiweke nyumba nzima juu ya nguzo hiyo moja. Huna haja pia, maana Luka 10 imeshaufunga huo mwanya. Mwanasheria anauliza jirani yangu ni nani, yaani anatafuta mpaka uishie wapi, na Yesu anamletea Msamaria, mtu wa kabila walilokuwa hawaelewani nalo kabisa, na tena anamfanya huyo ndiye anayesaidia. Na alisaidia kwa vitu: mafuta, divai, mnyama wake, dinari mbili kwa mwenye nyumba ya wageni, na ahadi kwamba gharama ikizidi atalipa akirudi.

Pia acheni kubishana kama Yesu alikuwa mkimbizi au la, naona huko grupuni mmefika hadi huko. Wanaosema hapana wanasema Misri na Yudea zote zilikuwa chini ya Rumi. Sawa, lakini aliyetaka kumuua mtoto alikuwa Herode, na Misri ilikuwa nje ya mkono wa Herode, jimbo la Rumi lenye gavana wake. Mathayo 2:13-15 inasema waliondoka usiku wakakaa huko mpaka Herode afe. Ukiitwa mkimbizi au usiitwe, mtu anayekimbia usiku na mtoto mchanga anajua anachokimbia.

Sasa hofu yako. Dada, kutaka nchi yako ijue nani anaingia na nani anatoka siyo dhambi, na asikuambie mtu kwamba imani inataka mipaka ifutwe. Hata Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2241, inasema mataifa yenye uwezo mkubwa yanawajibika kumpokea mgeni kadiri yanavyoweza, halafu hapo hapo inasema serikali kwa ajili ya manufaa ya wote inaweza kuweka masharti, na mhamiaji anapaswa kuheshimu sheria na urithi wa nchi iliyompokea na kuchangia mizigo yake. Kadiri yanavyoweza, maneno hayo hayako pale kwa bahati mbaya. Yeremia 29:7 nayo inawaambia waliohamishwa wautakie amani mji waliomo na kuuombea. Wajibu uko pande zote.

Dhambi inaanza pengine. Inaanza pale unapofurahia mtu kuteseka, unaposambaza uongo kwamba wote ni wezi, unapomwona mtoto wa mwenzio kwenye benchi la Sunday school ukaona tatizo kabla hujaona mtoto. Na kwenye ajira nikwambie kitu ambacho huyo mzee hatakuambia. Mwajiri akiweza kumlipa mtu nusu kwa sababu anajua hatathubutu kwenda kushtaki, basi mwenyeji aliyekuwa anaomba kazi hiyo hiyo kwa mshahara kamili keshakosa. Ushindani unaouogopa unalishwa na huo upenyo wa kumlipa mtu nusu bila kuulizwa. Kwa hiyo ukipigania alipwe sawa unamlinda yeye na unamlinda mdogo wako anayetafuta kazi, na Torati ilivyoandika "ndugu yako au mgeni" kwenye sentensi moja, mi naona ilishajua hilo.

Utaambiwa pia 1 Timotheo 5:8, asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Kweli kabisa, watoto wako kwanza, na usimwonee mtu haya kwa hilo. Mwanzoni mwa 2025 mjadala huu ulipamba moto Marekani, Makamu wa Rais JD Vance akasema kuna mpangilio wa upendo, familia kwanza, kisha jirani, kisha jamii yako, kisha nchi yako, halafu ndiyo dunia. Papa Fransisko tarehe 10 Februari mwaka huo akawaandikia maaskofu wa nchi hiyo kwamba mpangilio wa kweli wa upendo unapatikana ukitafakari mfano wa Msamaria Mwema. Mimi nasema wazo la mpangilio ni la zamani na lina maana. Agostino, mwalimu wa kanisa la kale, alifundisha kwamba kwa kuwa huwezi kusaidia watu wote, angalia zaidi wale ambao mahali, wakati au hali vimewaleta karibu nawe. Lakini soma tena hayo maneno, mahali na hali. Hiyo familia ya wahamiaji uliyoitaja, inayokaa benchi la tatu kila Jumapili, hali imeshawaleta karibu, hawako mbali tena. Na Thoma wa Akwino, mwanateolojia wa zama za kati, anaenda mbali zaidi, anasema kuna wakati inafaa kumsaidia mgeni aliye kwenye shida kali kabisa kuliko hata baba yako mzazi ambaye hana shida kubwa namna hiyo. Kwa hiyo mpangilio upo, ila hakuna mahali unasema wa nyumbani wakishashiba mgeni alale njaa.

Halafu msiwachanganye watu wote kwenye kapu moja. Kuna aliyekimbia kuuawa au kufungwa kwa sababu ya dini, rangi, utaifa, siasa au kundi alilomo, huyo Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 na Itifaki yake ya 1967 vinamhusu, kifungu cha 33 kinakataza kumrudisha kwenye hatari, na kifungu cha 31 kinasema asiadhibiwe kwa kuingia bila kibali kama ametoka moja kwa moja kwenye hatari, akajitokeza kwa mamlaka bila kukawia na ana sababu ya maana. Kwa hiyo hata ile "sheria ni sheria" ya mzee, sheria yenyewe kwa nchi zilizosaini inajua kwamba kuna mtu anaweza kuingia bila karatasi na bado akawa na haki. Kuna mwingine aliyekuja kutafuta maisha, huyo mkataba huo haumlindi na serikali inaweza kumwambia hapana. Ila kanisa lisimcheke, maana Abrahamu alishuka Misri kwa njaa, Mwanzo 12:10, na wana wa Yakobo nao waliikimbilia Misri kwa njaa, hao wote leo wangeitwa wahamiaji wa kiuchumi.

Kuhusu kanisa lifanye nini, soma Matendo 6 uone walivyotatua. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa kwenye huduma ya kila siku, ikaleta manung'uniko. Mitume hawakuitisha semina ya upendo. Walichaguliwa watu saba wasimamie ugawaji, na ukiyasoma majina, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao, yote ni ya Kiyunani, na Nikolao ni mwongofu wa Antiokia. Kwa hiyo inaonekana kamati ilikabidhiwa kwa upande uliokuwa unalalamika. Nyie hiyo kamati yenu ya nguo ina mhamiaji hata mmoja? Nakisia hapana. Wekeni wawili, mtashangaa, mtaambiwa nguo zimetosha toka mwaka juzi na kinachotakiwa ni mtu wa kusindikiza mama kliniki au kumjazia mtoto fomu za shule.

Mengine haraka haraka. Msiwapige picha kuposti kwenye kurasa za kanisa, kuna waliokimbia watu wanaowatafuta. Msimsimamishe mtu madhabahuni asimulie alivyopigwa njiani ati ni ushuhuda, akitaka mwenyewe atasema, kwa wakati wake na kwa mtu anayemwamini. Asiwepo mtu wa kuwashikia pasipoti "kwa usalama", haijalishi ni mcha Mungu kiasi gani. Msifunge msaada kwenye ubatizo. Kaisari Juliani wa Roma ambaye hakuwapenda Wakristo hata kidogo, mwaka 362 alimwandikia kuhani wake mkuu wa Galatia akilalamika kwamba hawa Wagalilaya, ndivyo alivyowaita Wakristo, wanalisha maskini wao na wa kwetu pia, akaagiza zijengwe nyumba za wageni kila mji, yaani alikuwa anawaiga. Walisaidia wasiokuwa wao bila kuwadai kitu, ndicho kilichomuuma.

Kuhusu kuwaficha watu, hapo niwe makini. Kulisha mtu, kumtibu, kuomba naye, kumsindikiza kwa mwanasheria, sehemu nyingi hakuna sheria inayokataza. Kumhifadhi asionekane na maafisa ni jambo jingine na nchi nyingi lina kesi. Wapo Wakristo walioamua kubeba hilo, mji wa Le Chambon-sur-Lignon kule Ufaransa wakati wa Vita ya Pili ya Dunia mchungaji André Trocmé na watu wake walihifadhi Wayahudi wengi sana, na binamu yake Daniel alifia kambini. Lakini pale wangekamatwa waliofichwa walikuwa wanakwenda kuuawa. Msitumie mfano huo kirahisi, na asiwepo mtu mmoja anayeamua kwa niaba ya kanisa zima bila kanisa kujua gharama.

Sasa mzee. Usimwanike grupuni, hata kama mkono unakuwasha, na kijana mwambie hivyo hivyo. Mathayo 18:15-16, nenda kwake faragha kwanza, asiposikia chukua mtu mwingine mmoja au wawili, bora mmoja awe anayeheshimika naye. Ila kabla ya yote muulize huyo jamaa mwenyewe, maana kelele zenu zinaweza kumfukuzisha kazi au zikamletea maafisa, na atakayelala nje ni yeye. Kama anakubali, mwombe aandike kwenye daftari siku alizofanya kazi, saa, na alicholipwa, na picha za mesenji za bosi azihifadhi. Nchi nyingi mahakama za kazi zinapokea madai ya ujira hata kwa asiye na kibali, lakini siyo zote, kwa hiyo aulize kwanza mtu wa msaada wa kisheria asiye na uhusiano na mzee. Mzee akikubali kulipa, alipe na yale ya nyuma, Zakayo alirudisha mara nne, sisi tunaomba mara moja tu.

Na kuna kitu umekitaja kwa mstari mmoja, kwamba ile familia ya benchi la tatu imepata barua kutoka uhamiaji na wameiweka kabatini mpaka "mambo yatulie". Hiyo isisubiri kikao cha wazee. Barua za namna hiyo huwa na tarehe ya mwisho ya kujibu au kukata rufaa, ikipita kesi nzuri inakufa hivi hivi. Ipelekwe kwa mwanasheria mwenye leseni au shirika la msaada wa kisheria wiki hii, siyo kwa yule dalali anayesema ana mtu wake ndani ambaye anataka pesa kwanza, na kama shida ni lugha nendeni na mkalimani mtu mzima, msimtumie mtoto wao kutafsiri mambo hayo.